Uwanja wa Kaunda Si Kiwanja

Katika mji wa Dar es Salaam hakuna jina linalowakejeli wenyeji wake kama Jangwani. Jangwa ni pahala pasipo maji. Na Jangwani hii, kila masika yanapokaza, ndiyo ya kwanza kuzama. Mto Msimbazi huteremka kutoka upande wa vilima vya Pugu, hupita Vingunguti, Tabata na Kigogo ukichukua kila kilichotupwa njiani, na ufikapo bondeni, kabla ya kujimwaga baharini penye mikoko ya Daraja la Salender, hujitandaza. Hapo ndipo palipo makao ya klabu ya Young Africans, zinapokutana Twiga na Jangwani, na kando yake ule uwanja uliopewa jina la Rais Kenneth Kaunda wa Zambia. Watani wao wa jadi, Simba, ambao makao yao yako Mtaa wa Msimbazi, hawakuhitaji mshairi kuwaonyesha utamu wa jambo hili: Msimbazi humfuata Yanga mpaka chumbani kwake.

Uwanja huo umekuwa mada ya malumbano kwa miaka mingi kuliko umri wa wengi wanaolumbana. Kila baada ya muda hutokea picha iliyochorwa vizuri, yenye majukwaa, maduka, taa na miti isiyoota Dar es Salaam, na watu huambiwa kwamba huo ndio utakaokuwa uwanja wao. Picha ya aina hiyo ilitembezwa mwaka 2013, siku za uenyekiti wa Yusuf Manji. Na tangu Mhandisi Hersi Said ashike urais wa klabu mwaka 2022, ahadi ya kujenga palepale Jangwani imerejea kwa sauti mpya. Katika barza za Kariakoo, penye kahawa na kashata, swali limekuwa moja: utajengwa lini? Swali hilo limekosewa. Lililostahili kutangulia ni jengine: ukishajengwa, utakuwa wa nani?

Watakaosema kwamba hili ni jambo la wapenda mpira, halina nafasi katika kurasa za wapenda tungo, wawe na subira kidogo. Kwanza, kwa sababu pwani hii haijapata kutenganisha mpira na utani, wala utani na utungo. Visiwani watu walijigawa kwa Ikhwan Safaa na Culture, na Dar es Salaam ya zamani ikawa na Al-Watan na Egyptian; miaka ya 1990 TOT na Muungano wakapigana vijembe hadharani na mji mzima ukatoka kwenda kusikiliza nani kajibiwa. Yanga na Simba ni malumbano ya namna hiyohiyo, ya kuulizana na kujibizana, ila beti zake huchezwa kwa miguu. Pili, kwa sababu ugomvi wote wa Jangwani, ukiuchambua, ni ugomvi wa maneno: watu wanasaini mikataba kwa maneno ambayo hawajakubaliana maana yake.

Chukua neno mfadhili. Limetoka kwenye fadhila, na fadhila haina risiti. Aliyekufadhili hakukudai, ukimshukuru ni adabu yako, usipomshukuru ni aibu yako, lakini mali ni yako. Kwa miaka mingi klabu hizi ziliishi kwa wafadhili: mfanyabiashara wa Kariakoo akitoa nauli ya timu, mwengine akitoa mchele wa kambi, mwengine akilipa deni la mchezaji usiku wa kuamkia mechi. Hata visiwani pana sehemu yake, kwani wazee wa klabu husimulia mkono wa Mzee Abeid Amani Karume katika kujengwa kwa majumba ya klabu hizi, na hakuna aliyewahi kusikia kwamba mzee huyo alidai chumba. Kisha, bila ya mkutano wowote kuitishwa kulijadili, neno likabadilika. Mfadhili akawa mwekezaji. Huyu mtu wa pili naye si mwizi, wala neno lake si baya. Lakini aliyeweka ameweka ili aje achukue, na ana haki ya kuchukua. Ubaya uko pale mtu anapopokelewa kwa ngoma ya mfadhili, akaandikiwa mkataba wa mwekezaji. Katikati ya ngoma na mkataba ndipo mali za watu zinapopotea.

Na chukua neno uwanja. Uwanja ni uwazi: ni pale mbele ya nyumba ambapo wote hupita, ambapo watoto hucheza na harusi hutandikiwa mikeka. Kiwanja, ijapokuwa ndimi za mitaani huyachanganya maneno haya mawili, kwa afisa wa ardhi ni kitu chengine kabisa: kina nambari, kina mipaka, kina bei. Mabishano ya Jangwani yote yamo katika hiyo silabi moja. Wanachama wanazungumza habari za uwanja. Wenye fedha, kwa haki ya kazi yao, wanaona kiwanja, tena cha hatua chache kutoka soko la Kariakoo, ambako chumba cha duka hugombewa kama roho.

Young Africans ilianzishwa tarehe 11 Februari 1935 na vijana wa Kiafrika wa mji uliogawanywa kwa rangi. Mzungu alikuwa na ufukwe wake, Mhindi mitaa yake, na Mwafrika akaachiwa Kariakoo, mtaa ambao hata jina lake ni la mzigo: limetokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Katika mji huo, klabu ilikuwa ni kitu ambacho wapagazi, makuli na makarani walikimiliki kwa jina lao wenyewe. Mwaka uliofuata, 1936, kundi likajitenga na kuunda klabu iliyokuja kuitwa Sunderland na, tangu 1971, Simba. Kwa hiyo hata utengano wao ni wa wenye nyumba. Wapangaji hawagawani nyumba. Jina la utani la Yanga, Wananchi, halikutungwa na mtaalamu wa matangazo. Ni maelezo ya umiliki.

Sasa yatazamwe yaliyotokea mwaka 2016, kwani yanafundisha. Agosti ya mwaka huo wanachama walikusanyika katika ukumbi wa Diamond Jubilee, na mwenyekiti wao, Manji, akawaomba wamkodishe timu na nembo kwa miaka 10. Hasara ingekuwa yake. Faida ingegawanywa, robo tatu kwake na robo kwa klabu. Mikono ikainuka. Ilikuwa mikono mingi, ya furaha, na mkutano uliisha mapema. Baadaye jambo lenyewe likakwama, baada ya Baraza la Michezo la Taifa kuingia kati, na mwaka 2017 Manji akaachia uongozi. Alifariki dunia Marekani mwaka 2024, na waliomlilia Jangwani walimlilia kwa haki, maana klabu iliyokuwa imechanika vipande aliikuta na kuisaidia kusimama. Lakini tazama alichokiomba. Hakuomba jengo, wala hakuomba uwanja wenye maji. Aliomba timu na nembo. Mfanyabiashara hodari alikwenda moja kwa moja kwenye kile ambacho wanachama walikuwa hawajakipigia hesabu, yaani jina lao, nao wakampa kwa kuinua mkono. Ikiwa jina lilitolewa hivyo mchana kweupe, ardhi itatolewaje?

Serikali, baada ya Simba nao kumkaribisha Mohammed Dewji kwa ahadi ya shilingi bilioni 20 mwezi Desemba 2017, ilisimama kwenye kanuni moja: klabu za wanachama zikigeuka kampuni, wanachama wabaki na asilimia 51, na wawekezaji wasizidi 49. Yanga nao wakafuata njia hiyo. Juni 2021 wakapitisha katiba mpya ya mabadiliko, na mwaka uliofuata wakamchagua Hersi Said, aliyetoka katika kampuni ya GSM iliyokuwa ikiigharimia klabu, awe rais wao. Tangu hapo wengi wamelala usingizi juu ya mto wa asilimia 51. Tuna nyingi, wanasema, nani atatutoa?

Asilimia 51 ya nini? Hilo ndilo halijibiwi. Ikiwa ardhi ya Jangwani imetiwa ndani ya kampuni, basi imekuwa mali ya kampuni, si ya wanachama. Wanachama wana hisa, na hisa si udongo. Siku kampuni itakapotaka kujenga, itakopa. Itakapokopa, benki itaomba rehani, na rehani yenye thamani kuliko zote itakuwa ni hiyo ardhi. Timu ikifungwa misimu miwili mitatu, wadhamini wa jezi wakapungua, deni likasimama palepale, benki haitauliza nani ana 51 na nani ana 49. Itakuja na karatasi. Hapo hapatakuwa na aliyeuza, hapatakuwa na msaliti wa kuimbiwa mipasho, na uwanja utakuwa umekwenda.

Wapo watakaojibu kwa makombe, na jibu lao lina uzito. Tangu msimu wa 2021/22 Yanga ilitwaa ubingwa wa Bara miaka minne mfululizo. Mwaka 2023 ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika, ikaifunga USM Alger kwao Algiers bao moja kwa bila, na kombe likawakosa kwa mabao ya ugenini tu. Haya hayakuletwa na michango ya kofia. Yaliletwa na fedha za watu wachache na uongozi uliojua kazi. Anayewabeza waliotoa fedha hizo, na huku jezi wanazozilipia amezivaa, ni mnafiki, na mnafiki hafai kutetea haki ya mtu.

Tena isemwe wazi: upande wa wazee nao umeshindwa. Ule utukufu wa klabu ya wananchi unaoimbwa leo ulikuwa na usiku wake. Mwaka 1976 ugomvi uliipasua Yanga mpaka ikazaliwa Pan African, na klabu ikapoteza wachezaji ambao hawakupata mfano. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa karne hii palikuwa na Yanga Asili, Yanga Kampuni na Yanga Academia, kila moja ikijiona ndiyo Yanga, na makomeo ya milango ya klabu yakabadilishwa kama mtu abadilishavyo shati. Wakati wote huo uwanja wa Kaunda ulikuwa mikononi mwa wananchi, na wananchi waliuachia maji na majani. Hakuna mwekezaji aliyewazuia kufyeka. Ni haki kuuliza: anayedai mali kwa sauti kubwa namna hii, ada yake ya mwaka amelipa?

Swali la ada ndilo linaloumiza, kwa hiyo lifanyiwe hesabu. Mashabiki wa Yanga huhesabiwa kwa mamilioni na kila mwenye kipaza sauti. Waachwe hao, wachukuliwe watu 100,000 tu. Kila mmoja akitoa shilingi 2,000 kwa mwezi, ambayo ni pungufu ya bei ya sahani moja ya pilau Kariakoo, kwa mwaka zinakusanyika shilingi bilioni 2.4. Zile bilioni 20 zilizoutikisa mji mwaka 2017, watu hao 100,000 wangezifikia kabla ya mwaka wa tisa kwisha, bila ya kumpigia mtu magoti. Fedha hizo hazikukusanywa, na sababu si umasikini peke yake. Aliyechanga mara moja akaona mchango wake hausomwi popote, hachangi mara ya pili. Daftari lililofungwa limeiharibia klabu hii kuliko mafuriko.

Kwa hiyo pande zote mbili zimesema nusu ya kweli, na kati ya nusu hizo mbili pana njia ambayo msomaji wa visiwani anaijua kwa jina. Ni wakfu. Mtu akiiweka nyumba wakfu, haiuziki, hairithiwi, haitolewi zawadi. Manufaa yake hutembea, asili yake husimama. Wadhamini wanaisimamia lakini si yao. Mji Mkongwe umejaa nyumba za namna hiyo. Na hapa pasifichwe kitu: nyingi kati yake zimebomoka. Kodi zilizodumaa, mafundi wasiolipwa, wasimamizi waliosahau. Kuta za mawe zikanyonya mvua mpaka zikalala. Anayependekeza wakfu na asiseme habari ya chokaa anawadanganya watu. Wakfu huzuia mali isiuzwe, lakini hauzuii paa lisivuje.

Ndiyo maana fedha za mwekezaji zinahitajika, lakini ziwekwe pahala pake. Bara, kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ni ya umma, na mtu au chombo hupewa haki ya kuitumia kwa muda usiozidi miaka 99. Hati ya Jangwani na ibaki kwa wadhamini wa klabu, nje ya kampuni, nje ya hizo 51 na hizo 49, wala isipigiwe hesabu ya hisa. Wadhamini waikodishe kampuni kwa miaka inayotajwa, kwa kodi inayotajwa, kampuni ijenge na ivune, na muda ukiisha jengo na udongo virudi kwa wenyewe. Watasema hakuna benki itakayokopesha kwa masharti hayo. Hukopesha kila siku, kwa rehani ya ile haki ya upangaji na ya mapato ya milangoni. Itakopesha kidogo zaidi, kwa uangalifu zaidi, na huenda jukwaa likawa na viti vichache kuliko vya kwenye picha. Hiyo ni bei ya kulala bila ya hofu, na si kubwa.

Kwengine haya yamekwisha kuonekana. Huko London kulikuwa na klabu iliyoitwa Wimbledon. Uwanja wake wa Plough Lane uliuzwa pakajengwa nyumba za kukaa, na timu, baada ya kutangatanga, ikaruhusiwa mwaka 2002 kuhamishiwa mji mwengine kabisa, Milton Keynes, kana kwamba ni kiwanda cha biskuti. Mashabiki hawakuwa na hati ya kitu chochote. Wakaunda klabu yao wenyewe mwaka huohuo, wakaanzia madaraja ya chini kabisa, na ilipofika Novemba 2020 ndipo waliporudi Plough Lane, kwenye uwanja uliojengwa karibu na ule wa zamani, na tena wao ndio wenyewe. Miaka 18 kwa kupanda tena ngazi waliyokuwa juu yake. Wajerumani, kwa upande wao, tangu 1998 wamezitaka klabu ziwe na wingi wa kura mikononi mwa wanachama, na viwanja vyao hujaa.

Limebaki la mto, nao haukuhudhuria mkutano wowote. Desemba 2011 mvua ambayo mfano wake haukuonekana Dar es Salaam tangu 1954 iliua watu zaidi ya 40, na wakaazi wa mabondeni wakapelekwa Mabwepande. Mwaka 2018 mabasi ya mwendokasi yaliyolazwa katika karakana ya Jangwani yalikutwa na maji yakaharibika. Sasa upo mradi mkubwa wa Bonde la Msimbazi, kwa mkopo wa Benki ya Dunia ulioidhinishwa mwaka 2022, wa kuupanua mto, kuinua daraja na kuligeuza bonde kuwa bustani. Na katika ramani za mradi kama huo kila kipande cha ardhi jirani hupanda thamani. Wazanzibari wanaopita Mnazi Mmoja wanajua namna ardhi iliyofukiwa juu ya mkono wa bahari inavyoweza kuwa uwanja mzuri, na namna maji yasivyosahau kwao. Uwanja wa Jangwani utahitaji msingi ulioinuliwa, mifereji, na matengenezo ya kila mwaka ambayo hayapigiwi picha. Nani atalipia mfereji katika mwaka ambao timu imeshika nafasi ya tano? Mkataba usiotaja mfereji ni tarabizuna.

Tena kuna jina. Kaunda aliikaribisha harakati ya ukombozi wa kusini mwa Afrika nchini mwake, na mji wa Dar es Salaam ukampa uwanja jina lake bila ya kulipwa senti. Siku hizi majina ya viwanja hukodishwa kama mabango ya barabarani. Kama nalo limo katika bei, basi liandikwe kwenye bei, ili wanaoinua mikono wajue kwamba wameuza na jina la mgeni wao.

Mkutano mkuu wa Yanga huitishwa, ukumbi hujaa, kofia za kijani na njano hugawiwa mlangoni, na mezani huwapo mzungumzaji mwenye picha ya majukwaa na taa. Yupo pia, katika safu za nyuma, mzee aliyetoka tawini na daladala mbili, ambaye hukaa mpaka mwisho na aghalabu hapewi kipaza sauti. Safari ijayo apewe mapema. Kabla ya picha kuonyeshwa, hati ya Jangwani na iletwe ukumbini, isomwe kwa sauti, kwa Kiswahili, kipengele baada ya kipengele: imeandikwa kwa jina la nani, kwa miaka mingapi, kwa matumizi gani, na kama ina deni juu yake. Itachukua nusu saa. Picha inaweza kungoja.